Kura ya Mtu Mmoja Imetupwa Wapi?

Wengi wape, walisema wazee, nasi hatuna ugomvi na wazee. Katika baraza la watu huru neno la walio wengi ndilo linalopita, na walio wachache hawana budi kulifuata. Lakini hakuna mzee hata mmoja aliyesema kwamba walio wachache wafutwe katika daftari. Habari ya daftari hilo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo, maana siku hizi umeingia mtambo kati ya daftari na msomaji, na watu wetu wengi hawaujui, ingawa majibu yake huyasoma magazetini na katika simu zao.

Twende Marekani, kwa kuwa huko ndiko kazi hii ilikoanza na ndiko ilikokomaa. Katiba ya nchi ile inasema kwamba moja ya tano ya wajumbe waliohudhuria wakitaka, kura za ndiyo na siyo ziandikwe kitabuni. Na zimeandikwa tangu mwaka 1789. Mbele ya kila jina pana alama: huyu alisema ndiyo, huyu alisema siyo, huyu hakuwapo. Tangu mwaka 1973 wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanapiga kura zao kwa kitambo cha umeme, na hesabu hutoka palepale. Hiyo ni hazina kubwa ambayo nchi nyingi hazina, nasi tunaisifu bila choyo.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980 mabwana wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Keith Poole na Howard Rosenthal, walitunga njia ya kuihesabu hazina hii yote kwa kompyuta. Njia yao inaitwa NOMINATE, na majibu yake yamewekwa wazi kwa kila mtu kwa jina la Voteview. Baadaye Bwana Simon Jackman, mtaalamu wa Kiaustralia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, naye alitengeneza programu yake iitwayo pscl, ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuipata bure na kuitumia juu ya kura za bunge lolote duniani. Neno hilo la mwisho mlishike, ndugu wasomaji: bunge lolote duniani.

Mtambo hufanya kazi hivi. Fikirini benchi moja refu ambalo wajumbe wote wameketi, wa mkono wa kushoto huku, wa mkono wa kulia kule, na wengine katikati. Mtambo haujui mtu gani aketi wapi. Haujui wala chama chake wala maneno aliyoyasema. Unachojua ni kura tu. Basi kila kura unaitazama kama fimbo iliyochomekwa kati ya wajumbe: waliosema ndiyo upande huu wa fimbo, waliosema siyo upande ule. Fimbo mia tano zikichomekwa, wajumbe wanaoonekana daima upande mmoja wataketishwa karibu karibu, na wale wasiopatana wataketishwa mbali mbali. Mwishowe kila mjumbe hupewa namba yake, baina ya kasoro moja na moja, na hiyo namba ndiyo mnayoisoma gazetini mnapoambiwa kwamba mheshimiwa fulani ni mkali kuliko wenzake wote au ni mtu wa katikati.

Mpaka hapo hatuna neno. Hesabu ni hesabu, na waliotunga hii ni watu makini. Lakini kabla ya hesabu kuanza kuna chekeche. Kura hazimwagwi mtamboni zote kama zilivyo. Hupepetwa kwanza, na zile zinazoonekana pumba hutupwa nje. Gazeti halikwambii habari ya chekeche hilo. Linakupa namba tupu.

Kwanza hutupwa kura ambazo wote wamekubaliana. Hapo hapana kosa. Ikiwa wajumbe wote wamesema ndiyo, fimbo haina pa kuchomekwa, na kura hiyo haiwezi kutuambia nani yuko mbali na nani. Lakini NOMINATE haiishii hapo. Desturi yake ni kutupa kila kura ambayo walio wachache hawakufikia asilimia 2.5 ya waliopiga. Na mjumbe ambaye kura zake hazikufika ishirini naye huachwa nje. Anayetumia programu anaweza kuzibadili namba hizi akipenda, lakini asipozibadili hufuata hizo, na watu wengi, kama tujuavyo tabia ya watu, huchukua kitu kama walivyokikuta.

Asilimia 2.5 yaonekana ni kitu kidogo. Tuihesabu kwa vidole. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435. Wote wakipiga kura, na wapinzani wakawa kumi, kura hiyo inatupwa. Wakiwa kumi na mmoja inabaki. Seneti ina watu 100. Wapinzani wawili hawatoshi, watatu wanatosha. Sasa tuulize: ni siku gani katika maisha ya bunge ambayo wapinzani huwa mmoja au wawili tu? Siku nyingine ni siku ya upuuzi, ya kuipa posta jina la mtu, na yule mmoja labda alibonyeza kitufe kisicho chake. Lakini ziko siku nyingine.

Tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, Baraza la Wawakilishi liliulizwa kama nchi iingie vitani na Japani. Waliosema ndiyo walikuwa 388. Aliyesema siyo alikuwa mmoja, Bibi Jeannette Rankin wa jimbo la Montana. Watu walimzomea hata akajifungia ndani ya kibanda cha simu mpaka polisi walipokuja kumtoa. Mmoja katika 389 ni robo tu ya asilimia moja. Imetupwa. Na ajabu yake ni hii: bibi huyuhuyu, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika bunge la Marekani, alikuwamo pia mwaka 1917 walipopiga kura ya kuingia vitani na Ujerumani, naye akasema siyo pamoja na wenzake 49 juu ya 373 waliosema ndiyo. Kura ile imebaki, maana walikuwa hamsini. Basi chekeche lamkumbuka Bibi Rankin aliyekuwa na wenziwe, na lamsahau Bibi Rankin aliyesimama peke yake.

Tarehe 7 Agosti 1964 ilikuja Bungeni ruhusa ya Ghuba ya Tonkin, ambayo kwayo Rais Johnson alipata mlango wa kupeleka majeshi Vietnam. Katika Seneti kura zilikuwa 88 kwa 2. Wale wawili walikuwa Bwana Wayne Morse wa Oregon na Bwana Ernest Gruening wa Alaska. Wawili katika tisini ni asilimia 2.2. Imetupwa. Lau angepatikana mwenzao wa tatu, ingebaki. Katika miaka iliyofuata walikufa Wamarekani zaidi ya 58,000, na Wavietnamu wasiohesabika sawasawa hata leo, na mwaka 1971 Bunge lenyewe liliifuta ruhusa hiyo. Mabwana wale wawili walikwisha kushindwa katika uchaguzi wa mwaka 1968. Katika Baraza la Wawakilishi siku hiyohiyo kura zilikuwa 416 kwa sifuri, nayo bila shaka imetupwa kwa kuwa hapana aliyesema siyo. Lakini alikuwako mtu mmoja, Bwana Adam Clayton Powell, Mmarekani mweusi, mjumbe wa Harlem, ambaye alipoitwa jina hakusema ndiyo wala siyo. Alisema tu kwamba yupo. Tutamrudia.

Ya tatu inatuhusu zaidi sisi watu wa upande huu wa dunia. Tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya majengo ya New York kuangushwa, Bunge la Marekani lilimpa Rais wao ruhusa ya kutumia majeshi juu ya waliofanya tendo lile na waliowasaidia. Seneti, 98 kwa sifuri. Baraza la Wawakilishi, 420 kwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa Bibi Barbara Lee wa Oakland, California, mwanamke mweusi, na hofu yake ilikuwa kwamba ruhusa ile imeandikwa kwa mapana mno hata haina mwisho wala mpaka. Alitishiwa kuuawa, ikabidi apewe walinzi. Je, hofu yake ilikuwa ya bure? Mwaka 2016 serikali ya Rais Obama iliwahesabu Al-Shabaab wa Somalia kuwa chini ya ruhusa hiyohiyo, ingawa kundi hilo halikuwako mwaka 2001. Sisi hatuwatetei Al-Shabaab. Damu waliyoimwaga Nairobi na Garissa tunaijua. Tunasema tu kwamba kura moja iliyopigwa Washington ilifika miaka kumi na mitano baadaye mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, na mtu pekee aliyeikataa, kukataa kwake kumehesabiwa pumba.

Watatokea wataalamu watuambie kwamba hatujaelewa. Watasema kura moja katika mamia haiwezi kusogeza namba ya mtu hata ikiachwa ndani, na kwamba Bibi Lee mtambo unamweka kushoto sana kwa ajili ya kura zake nyingine. Tumeelewa, na wasemayo ni kweli. Tena twaongeza: programu ya Bwana Jackman, ukiichukua ilivyo, hutupa zile kura ambazo wote wamekubaliana tu, kwa hiyo kura ya Bibi Lee hubaki ndani. Angalieni basi. Kura ni ileile, siku ni ileile; katika programu moja ipo, katika nyingine haipo, na msomaji wa gazeti haambiwi ipi imetumika.

Wala hatusemi chekeche livunjwe. Fundi hana budi kupepeta. Kura ambazo wachache wao ni wawili watatu zaweza kuutatiza mtambo, maana hauna watu wa kutosha upande ule wa kujua fimbo ichomekwe wapi, na pengine mmoja wao alisinzia. Kwa kazi ya kuwapanga wajumbe katika benchi, chekeche ni halali. Ubaya unaingia pale namba iliyofanywa kwa kazi hiyo inapochukuliwa sokoni na kuuzwa kwa kazi nyingine, yaani kupima uaminifu wa mtu, ushupavu wake, na kama anafaa kurudishwa Bungeni. Namba haikuambiwa habari ya siku ambazo ushupavu ulihitajiwa kuliko siku zote. Mchele uliopepetwa kwa ajili ya kupika pilau huwezi kuutumia kuwa ushahidi wa mpunga ulivyotoka shambani.

Na kuna madhara ya pili ambayo watu hawayaoni upesi. Ukitupa kila jambo ambalo wote au karibu wote wamekubaliana, unachobaki nacho ni ugomvi mtupu. Kisha unauonyesha ugomvi huo na kusema: tazameni bunge hili lilivyogawanyika! Mgawanyiko wa Marekani upo, hatukatai, na kwa njia hii hii Bwana Poole na wenzake wameonyesha jinsi vyama viwili vilivyoachana mwaka hata mwaka tangu miaka ya 1970. Lakini picha hiyo ni ya yale yaliyobaki katika chekeche. Na kabla ya chekeche la kompyuta liko jingine la wakubwa wa Bunge wenyewe, ambao huamua jambo gani liletwe lipigiwe kura ya majina na lipi lipitishwe kwa sauti pasipo jina la mtu kuandikwa. Mpaka mwaka 1970 masahihisho mengi ya miswada yalipigiwa kura katika kamati ya baraza zima bila majina, na mwananchi hakuwa na njia ya kujua mjumbe wake alisimama mstari upi.

Sasa turudi kwa Bwana Powell. Katika daftari la zamani la kompyuta kila alama ya mjumbe ilikuwa namba, kutoka sifuri hata tisa. Moja, mbili na tatu zilikuwa namna za ndiyo. Nne, tano na sita namna za siyo. Huenda mjumbe alipiga kura mwenyewe, au alitangaza tu msimamo wake, au alikuwa safarini akapatana na mwenzake wa upande wa pili kwamba wote wawili wasipige, ili pasiwe na aliyepunjwa. Saba na nane ni mtu aliyesema yupo asichague. Tisa ni mtu ambaye hakupiga. Sifuri ni mtu ambaye siku hiyo hakuwa mjumbe. Kwa ajili ya hesabu, namna tatu za ndiyo huunganishwa kuwa moja, na namna tatu za siyo vivyo hivyo, na zilizobaki zote hufanywa nafasi tupu. Basi aliyelazwa hospitali, aliyekufa, aliyejificha chooni asionekane na wapiga kura wake, na Bwana Powell aliyesimama mbele ya watu mia nne akakataa kusema ndiyo, wote hao kwa mtambo ni mtu mmoja. Ni nafasi tupu.

Hata ndiyo na siyo zenyewe si nyepesi kama zionekanavyo. Tarehe 5 Novemba 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada mkubwa wa barabara na madaraja kwa kura 228 kwa 206. Wajumbe sita wa chama cha Democratic, chama cha Rais Biden mwenyewe, walisema siyo. Kati yao walikuwamo Bibi Alexandria Ocasio-Cortez na Bibi Ilhan Omar, ambaye alizaliwa Somalia na kupitisha miaka ya utoto wake katika kambi ya wakimbizi karibu na Mombasa. Walikataa kwa sababu walitaka zaidi: walitaka mswada wa pili wa mambo ya maskini upite pamoja na huu. Republican wengi nao walisema siyo, kwa sababu walitaka pungufu. Mtambo haujui zaidi wala pungufu. Unaona siyo na siyo, na unawasogeza hawa sita hatua moja kuelekea kwa wale wasiopatana nao hata kwa chai. Ndiyo maana katika namba hizo Bibi Ocasio-Cortez ameonekana karibu na watu wa katikati ya chama chake kuliko vile kila mtu ajuavyo. Hapo hata chekeche halina lawama. Daftari lenyewe ndilo lisilo na mahali pa kuandika sababu.

Mtu atauliza, haya ya Washington yatuhusu nini? Yatuhusu kwa kuwa kazi hii inakuja kwetu. Katika Bunge la Tanzania mambo mengi hupita kwa sauti, Spika akisikiliza ndiyo za wengi na siyo za wachache, na hapo hapana daftari la kupepeta. Lakini bajeti hupigiwa kura kwa kuita majina, mmoja mmoja. Kenya, tarehe 25 Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 kwa 106, na siku hiyohiyo vijana waliouandamania walipigwa risasi na wengine wakafa. Kesho yake Rais Ruto alikataa kuutia sahihi. Siku zile orodha ya majina ilizunguka kutoka simu hata simu, Turkana mpaka Kwale. Hakuna aliyemwuliza mjumbe wake namba yake ni ngapi katika benchi. Waliuliza: ulisema nini? Na Bunge la Taifa lina wajumbe 349; ndiyo na siyo ukizijumlisha ni 301. Wako zaidi ya arobaini ambao hawamo upande wa ndiyo wala upande wa siyo, na wananchi waliwaulizia vilevile, tena kwa sauti kubwa. Kwa mtambo wangekuwa nafasi tupu.

Vijana wetu wa vyuo vikuu wanaozijua kompyuta watazichukua orodha kama hizi, na wanafanya vema kuzichukua. Twawataka mambo mawili. Kila wanapochapa namba ya mjumbe, waandike chini yake chekeche lilikuwa la kiasi gani, kura ngapi zilitupwa, na zilizotupwa zilikuwa za mambo gani, wazitaje kwa tarehe. Kisha wafanye hesabu mara mbili, mara moja na chekeche la asilimia 2.5 na mara moja bila hilo, waweke majibu yote mawili pamoja. Ni kubadili namba moja katika programu, kazi ya dakika moja.

Na makarani wa mabunge yetu twawataka watoe orodha za majina siku ileile kura inapopigwa, zikiwa kamili, na aliyekuwa ndani ya ukumbi asipige aandikwe mbali na aliyekuwa nje. Anayetaka kupepeta apepete nyumbani kwake. Orodha ya asili ibaki mahali ambapo kila mwananchi ataweza kuifungua.